Waziri Asiye na Pochi

Mashine ya video ya mkaza mjomba wangu ilikuwa ikimeza kanda kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Kwanza kluk, halafu kimya cha kutia wasiwasi, halafu ndani kwa ndani kitu kinajivuta, kinajivuta, kisha tak. Hapo wanawake waliokaa mkekani wanavuta pumzi pamoja, na mimi nasukuma bakuli la karanga pembeni kwa sababu kazi yangu inaanza. Mpaka leo nikisikia kabati linafungwa vibaya, masikio yangu yanakaa tayari yakisubiri muziki.

Muziki ulikuwa wa tarumbeta, wa kijeshi kidogo. Baada yake inatokea ngazi ndefu ya mawe na mzee mwenye miwani anaipanda huku amechoka. Huyo ndiye mkuu wa serikali. Mchezo mzima ulikuwa juu ya ofisi yake: nani anaingia, nani anazuiwa mlangoni, nani anaandika barua ya kujiuzulu asubuhi akaichana kabla ya chakula cha mchana. Ulikuwa kwa Kifaransa. Kaka yake mkaza mjomba alikuwa baharia, akikaa Marseille, na kila baada ya miezi miwili mitatu alimpa mtu kifurushi cha kanda amletee dada yake Moroni. Nchi yetu wakati ule haikuwa na kituo chake cha televisheni. Televisheni kwetu ilikuwa kioo cha kuchezea kanda, basi, na waliokuwa nacho walijulikana mtaa mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi ni wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, na nilipelekwa Moroni kwa mjomba nilipoacha shule, darasa la pili la sekondari, kwa sababu ambazo si za kuwasumbua nazo. Mjomba, ndugu yake mama yangu, alikuwa ameoa Moroni, na kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Nyumba ni ya mwanamke, na mume akikohoa sana anakumbushwa. Bibi yangu alizaliwa Unguja, ndiyo maana nilikua na Kiswahili nyumbani na ndicho ninachoandikia. Lakini mkekani pale Kiswahili hakikuwa na kazi. Nilitakiwa kukipokea Kifaransa kikiwa moto na kukitoa kwa Kingazija, lugha ya Moroni, nami lugha yangu ni ya Ndzuani. Lugha hizo mbili ni ndugu, ila ndugu wa kutegeana.

"Binti, unasema kama mtu aliyeweka ndimu mdomoni," alikuwa akiniambia jirani yetu, mama mmoja mwenye meza ya nyanya na pilipili pale soko dogo. Alikuja Ijumaa zote baada ya sala ya alasiri, liwa limemkauka usoni, na hakukosa neno.

"Na wewe bibi usikilize kwa macho," namjibu, na watu wanacheka, na mchezo unaendelea.

Niseme ukweli, nilikuwa nimelewa furaha. Umeme ulipokatika katikati ya kanda, na ulikatika sana, niliendelea kuwasimulia mwenyewe, natunga, mpaka taa irudi. Wengine walisema sehemu zangu zilikuwa nzuri kuliko za wazungu. Katika ofisi ile ya mchezo kulikuwa na mwanamke, katibu mkuu, mwenye simu tatu mezani na nywele zisizoparaganyika hata serikali ikianguka. Nilikuwa nafagia ua nikiwa yeye. Nachota maji nikiwa yeye. Namkataza mbuzi wa jirani asiingie: "Samahani, mkuu yuko mkutanoni."

Kanda ya pili ndiyo iliyoleta neno. Mawaziri walikuwa wamekaa meza ndefu, na mwisho kabisa wa meza, karibu na dirisha, kulikuwa na bwana mfupi mpole ambaye hakuna aliyemgeukia.

"Yule wa mwisho nani?" akauliza jirani.

Katibu alikuwa ndiyo kwanza anamtaja. Nikalisikia neno: portefeuille. Nikafurahi, kwa sababu lilikuwa neno ninalolijua. Baba yangu alikuwa nayo, ya ngozi, ikikaa mfuko wa nyuma wa suruali mpaka suruali ikachora umbo lake.

"Ni waziri," nikasema. "Waziri asiye na pochi."

Halafu mkaza mjomba akasema taratibu, "Masikini."

"Kaibiwa?" akauliza mwingine.

"Haijasemwa."

"Mtu mzima, waziri, anatoka nyumbani bila pochi. Mkewe hakumwona?"

"Mkewe ndiye aliyeichukua," jirani akakata shauri. "Mimi mwanamke yule tangu kanda ya kwanza macho yake nimeyaona."

Kuanzia siku hiyo sisi tulitazama mchezo mwingine kabisa. Wafaransa walidhani wametunga habari ya ofisi ya mkuu wa serikali, vita vya vyama na bajeti na nini. Sisi tulikuwa tunatafuta pochi. Katibu akifungua mtoto wa meza, wanawake wanasogea mbele. Mtu akipewa koti lake mlangoni, wote tunatazama mifuko. Mkuu wa serikali alipomshika bega yule bwana mfupi na kumwambia jambo kwa sauti ya chini, mkaza mjomba alifuta machozi. "Kamwambia atampa yake," akasema, nami sikumsahihisha kwa sababu nilidhani inawezekana.

Mjomba hakukaa nasi. Alikuwa tarishi katika wizara moja pale Moroni, kazi aliyoishika tangu kabla ya uhuru: kupeleka majalada chumba hadi chumba, kuita watu, kusimama mlangoni. Ijumaa alikwenda uwanja wa wazee kucheza bao. Lakini kanda zilipozidi akaanza kuchelewa kuondoka, anajifanya anatafuta viatu, na mwishowe akawa anasimama kizingitini kabisa. Kilichomvuta ni tarishi wa kwenye mchezo.

"Anaingia bila kugonga," alilalamika. "Tazama. Hakugonga. Sisi tunagonga mara mbili, tunasubiri. Huyu angefukuzwa siku ya kwanza."

Siku moja akiwa pale kizingitini nikafasiri tena ile habari ya pochi, kwa kujiamini kabisa, na mjomba akashika mlango. Alicheka mpaka akatoka nje, akaegemea pipa la maji, kofia imempinda kichwani. Sijapata kumwona anacheka vile. Baadaye aliniita jikoni.

"Mwanangu, ile si pochi. Ukimsikia waziri wanasema ana portefeuille, maana yake ana wizara yake. Yule hana wizara maalumu. Kapewa cheo bila kazi."

Nikaona uso unanichoma. "Nikawaambie?"

"Ukawaambie nini? Waache. Wana raha kuliko wenye mchezo." Akacheka tena kidogo, akaondoka.

Basi niliwaacha. Hilo ndilo kosa langu, nalisema kabla sijasema ya wengine.

Sasa lazima niwaeleze ya nje. Miaka ile walikuwapo wazungu wa kukodi. Walikuja kwa bahari, usiku mmoja wakaigeuza serikali, na badala ya kulipwa na kwenda zao wakabaki, wamevaa nguo nyeusi, wana magari yao, wana askari wetu chini yao. Wengine walisilimu, wakachukua majina ya mitume, wakaoa. Hakuna aliyeambiwa rasmi wako hapa kufanya nini. Ila kila mtu Moroni, mpaka muuza ndizi, alijua kwamba wakubwa fulani hawakuwa na neno mpaka mzungu fulani alisome kwanza. Na mkubwa wa wizara ya mjomba alikuwa mmoja wa wakubwa hao. Jalada linapita chumba cha pili, kwa mzungu, ndipo linarudi kwake kutiwa sahihi. Mjomba hakulisema hilo nyumbani hata siku moja. Hakuwa na haja. Watu walikuwa na macho.

Siku moja gari la mkubwa huyo likapita soko dogo. Jirani yetu alikuwa mezani kwake anapanga nyanya. Akainua kichwa, akamwambia mwenziwe wa meza ya pili, bila kunyanyua sauti: "Na wetu ndiye huyo. Naye hana pochi."

Ni hivyo tu. Sikuwapo, lakini nilihadithiwa na watu watano, na wote walikubaliana kwamba hakunyanyua sauti. Mwenziwe alicheka, wa tatu akauliza, akaelezwa habari za mchezo wetu. Kabla ya wiki kwisha Moroni nzima ilikuwa nayo. Gari likipita, wauza samaki wanapapasa mifuko ya nyuma. Wanafunzi walitembea wamegeuza mifuko ya suruali nje, inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyetaja jina. Ungemkamata nani kwa kugeuza mfuko wake mwenyewe?

Walimkamata mjomba.

Walimchukua kazini asubuhi, mbele ya wenziwe, akiwa na jalada mkononi. Walikuwa wameuliza sokoni neno limeanzia wapi, likafuatwa kama uzi mpaka kwenye nyumba yenye video, na nyumba yenye video ni ya nani, ni ya mke wa tarishi. Wakaona wamemaliza hesabu. Mjomba aliwaambia ni kosa la kufasiri tu, neno limekosewa na yeye ndiye aliyekosea. Hawakumwamini. Wakamuuliza: mtu aliyekaa wizarani miaka yote hii, anayepokea majalada ya Kifaransa kila siku, ataweza vipi kukosea neno hilo? Kwa hiyo, wakasema, hukukosea, ulitunga. Au umetungiwa, na kuna watu nyuma yako.

Nikifikiri hapo damu inanichemka mpaka leo. Kwa sababu walikuwa na haki katika jambo moja, na hilo moja ndilo lililomponza. Kweli mjomba asingeweza kukosea. Neno lile lilitaka mtu asiyejua. Lilitaka mimi.

Siku ya pili, Ijumaa, walikuja nyumbani. Wanawake walikuwa wamekusanyika, si kwa mchezo, ni kumkalia mkaza mjomba katika taabu yake. Mzungu akaingia, nguo nyeusi, akatoa salamu nzuri ya Kiislamu na papo hapo akapanda mkeka na viatu vyake. Mkeka ule tulikuwa tunautandika kwa video na kwa sala. Hakuangalia hata chini. Nyuma yake kulikuwa na askari wetu mmoja, kijana wa Ngazija, aliyevua viatu mlangoni kwa mazoea, akakumbuka, akavivaa tena. Huyo nilimhurumia.

"Nani anafasiri hapa?" mzungu akauliza kwa Kifaransa.

Askari akalirudia kwa Kingazija, macho chini.

Nilikuwa nimekaa nyuma, leso kichwani. Nilielewa mara ya kwanza, kabla ya askari. Nilijiinua kidogo. Mkono wa mkaza mjomba ukashuka gotini kwangu ukanikandamiza mkekani, mkono mzito wa mtu aliyezoea kukanda unga.

"Mashine yenyewe inajua Kingazija," akasema jirani.

Askari hakulifasiri hilo.

"Nyumba hii ni yangu," akasema mkaza mjomba. "Kama kuna neno limetoka humu, ni langu."

Askari akafasiri. Mzungu akatabasamu, na mimi tabasamu lile nimelikasirikia kuliko viatu. "Mumeo naye kasema ni lake," akajibu. "Mna bahati, nyumba nzima ya watunzi."

Kisha akaamuru. Waliichukua mashine, wakachukua televisheni, wakachukua kanda zote ndani ya kanga ya mkaza mjomba iliyokuwa imefunika meza. Nayo kanga haikurudi. Waya ulipoburutwa ulipindua bakuli, karanga zikasambaa, na mtu mzima mwenye bunduki akapita akizivunja chini ya kiatu, kra, kra, kana kwamba hakuna watu wanaokula karanga. Tulikuwa wanawake kumi na watatu. Hakuna aliyesema tena. Na mimi niliyekuwa na maneno ya serikali nzima ya Ufaransa mdomoni, niliyemkataza mbuzi wa jirani kwa sauti ya katibu mkuu, nilikaa palepale nilipokandamizwa. Mkono ulishaondoka gotini. Nilikaa.

Mjomba alirudi siku ya tatu, kwa miguu, bila kofia. Mwanamume wa umri wake, kwetu, kupita mjini kichwa wazi ni kama kupita bila shati. Hakusema alifanywa nini. Aliomba maji, akanywa, akaomba kofia nyingine kabla hajaomba chakula. Ndipo akatueleza walivyomwambia: kazi yake imesimama, na itasimama mpaka aandike kwenye karatasi jina la aliyetunga neno. Wamempa karatasi kabisa, nyeupe, aende nayo nyumbani.

"Liandike langu, Mjomba," nikasema. "Waambie nilikosea. Ni kweli nilikosea."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya pochi jikoni, lakini bila kicheko. "Jina lako likiingia kule, mwanangu, halitoki. Watalitafutia mambo ya kulijaza."

"Lakini ni ukweli."

"Ndiyo. Kwani wanautafuta?"

Keshoyake walinipakia chombo cha kwenda Ndzuani, na mkoba na kuku wawili wa kumpelekea mama. Nilikasirika njia nzima. Niliwakasirikia wazungu, hilo halina maelezo: watu hawakualikwa, hawakuchaguliwa, wanatia mguu kwenye mkeka wa mtu na kuuliza maswali kwa lugha isiyo ya mwenye nyumba. Nilimkasirikia mkubwa yule, aliyeona haya kwa neno la muuza nyanya na hakuona haya kwa lile jalada linaloanzia chumba cha pili. Kwenye mchezo, mtu akiaibika alijiuzulu. Anaandika barua, anashuka zile ngazi, muziki unapigwa. Kwetu anayeaibika ni mkubwa na anayeshuka ngazi ni tarishi. Niliwakasirikia hata wanawake wa mkekani, walionifundisha kupenda sauti yangu halafu wakanifunika leso. Na ndani ya hasira yote hiyo nilijua wananipenda. Ilikuwa hasira isiyo na pa kukaa, basi ikakaa kwangu.

Mutsamudu nilikuta mambo kama nilivyoyaacha, vichochoro vile vile vya mawe ambavyo wawili wakikutana mmoja anasubiri, wanawake wamejifunga mashiromani yao mekundu, mama yangu anapiga kelele za furaha kwa kuku. Siku ya tatu tukaenda Mirontsy, mji wa jirani, kununua samaki. Muuza samaki mmoja akamwambia mwenziwe anayechelewesha chenji, "Na wewe umekuwa wa Moroni? Huna pochi?" Wote wakacheka. Mama naye akacheka.

Neno langu lilikuwa limepanda chombo kabla yangu. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua, limetoka wapi. Mmoja akasema limetoka kwa wazungu wenyewe, wanamcheka mkubwa wao. Mwingine akasema hapana, ni hatibu fulani alilitoa kwenye hotuba ya Ijumaa, na lina maana ya ndani sana. Maana ya ndani. Nilisimama pale na kapu la samaki nikitaka kucheka na kulia. Kila mtu alikuwa tayari kuamini kwamba kuna mtu mwerevu nyuma yake. Hakuna ambaye angeamini msichana mmoja alisikia neno moja, akafikiri suruali ya baba yake.

Habari za mjomba zilikuja na msafiri. Hakuandika jina. Alipeleka karatasi yao ikiwa nyeupe vilevile, ameikunja vizuri. Basi hawakumrudisha wizarani. Wamemweka bandari ya zamani ya Moroni, afungue na kufunga lango la ghala moja, juani, yeye aliyezoea kugonga mlango mara mbili na kusubiri. Yupo pale mpaka leo ninapoandika. Wazungu wale wamekwisha panda ndege yao wakaenda, mkubwa naye kabadilishwa na wengine baada yake, na lango bado analifungua yeye. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Nani amkumbuke? Kosa lenyewe hawalijui lilikuwa nini.

Lakini siku ile msafiri alipotuhadithia, hayo ya baadaye sikuyajua. Nilijua jambo moja: walimkatalia kwa sababu asingeweza kukosea, na aliyeweza kukosea yuko hapa, anachambua mchele. Nikamwambia mama kwamba nitamwandikia mkubwa mwenyewe.

"Jina la mwanamwali linaandikwa kwenye cheti cha ndoa," mama akasema. "Ofisini haliandikwi. Leo wameondoka na video, kesho waje kuondoka na wewe? Na nani atakuposa, msichana anayetafutwa na wenye nguo nyeusi?"

"Mjomba amekaa juani, mama."

"Amekaa juani ili wewe usikae. Usimharibie." Akanyanyua sinia, akaondoka nalo, na nikajua amelia jikoni kwa sababu mchele ule ulioshwa mara tatu.

Nilifikiri siku nyingi. Si ushujaa, msinielewe vibaya. Nilikuwa na hofu mpaka chakula kilinishinda. Ila kila nikifumba macho naona ile karatasi nyeupe imekunjwa vizuri.

Kukawa na harusi kubwa mtaa wa juu, na mama akaenda kupika na wenziwe kutoka asubuhi. Nilikaa sakafuni ukumbini, nikaandika kwa Kifaransa changu. Nilimwamkia. Nikamwambia mimi ni mpwa wa tarishi wake. Nikamwambia katika mchezo wa video kulikuwa na waziri, na mimi nilidhani ni pochi kweli, ile ya ngozi. Kwamba hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenituma. Kwamba tulimhurumia sana yule bwana, kanda nane, na yeye mkubwa hatukumfikiria hata kidogo siku ile. Nikamwomba amrudishe mjomba mlangoni kwake, kwa kuwa anagonga mara mbili.

Mtaani kwetu alikuwapo mwalimu wangu wa zamani, ambaye angeisahihisha barua ile kwa furaha. Niliipitia mwenyewe. Niliona pengine nimekosea vitenzi, na majina mawili matatu nimeyaweka jinsia isiyo yake. Pengine hata zaidi, yale nisiyoyaona. Nikayaacha yote. Walitaka kujua kama kuna mtu anayeweza kukosea neno lile bila hila. Basi wasome.

Posta ya Mutsamudu saa ile haikuwa na watu. Nilinunua stempu, nikailamba, nikaibandika ikakaa upande, na sikuibandua. Miaka ile watu waliacha nyuma ya bahasha bila jina la mtumaji. Barua ilifika kama imeandikwa na upepo. Niligeuza yangu juu ya ubao wa dirisha, nikaazima kalamu iliyofungwa kwa kamba, kamba ikawa fupi, nikainama. Nikaandika jina langu, na jina la baba, na mtaa, na nyumba ya tatu kutoka msikitini, mlango wa bluu. Nikapuliza wino ukauke. Kisha nikaisukuma ndani ya tundu la sanduku mpaka vidole vyangu vikagusa bati.